Jani la Kahawia kwenye Nguo Yangu ya Kiangazi

Jumamosi, Sur. Jioni.

Joto limeingia rasmi. Nasema rasmi kwa sababu tuliporudi safari leo mume wangu, Khamis, aliwasha kiyoyozi cha sebuleni bila kuuliza mtu, na mimi sikumwambia azime. Huko mtandaoni wanaandika kuhusu mitindo ya majira ya kuchipua, wanatuonyesha wasichana wenye makoti mepesi wamesimama chini ya miti ya maua. Majira ya kuchipua ya hapa Sur, kwenye pwani ya Waarabu, ni zile siku chache ambazo unaweza kuanika nguo mchana na usirudi ndani unalalamika. Zikishapita, ni kiangazi mpaka kikuchoshe.

Nimetia miguu kwenye beseni la maji baridi. Nimechoka, lakini uchovu wenyewe mtamu. Shajara yangu, leo nina la kukuhadithia, na lote linahusu nguo.

Nianze na kabati.

Binti yangu Hanan ameposwa. Anafundisha skuli huko Ibra, na kijana aliyemposa, Badr, ni mtu wa Nizwa anayefanya kazi hapo hapo Ibra. Wakati wa baridi wanawake wa upande wa Badr walikuja kwetu kuonana. Nilivaa nguo yangu mpya ya kahawia, nikajiona nimependeza kweli kweli. Kisha picha zikaja kwenye simu. Wao wote rangi za maua na za mbingu, na katikati yao mimi, kama gunia la kahawa lililosahauliwa sebuleni.

Hanan alisema baada ya wiki kadhaa, huku akiziangalia kucha zake.

"Mama, tukienda kwao Nizwa, usivae ile ya kahawia. Si kitu, wallahi. Ila wenzetu wanapendeza, na mimi nataka wakuone vizuri."

Nilimwambia sawa mwanangu, nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Iliniuma. Wakwe sikuwa nikiwaogopa, wakwe ni watu tu. Nilimwogopa mwanangu. Niliogopa kwamba nitakaa kwenye majlisi ya watu, yeye atanitazama kutoka upande wa pili, na moyoni atatamani mamake angekuwa mwingine.

Basi nikaamua. Mwaka huu navaa kama mwaka huu.

Nilifungua kabati kuona lina nini. Mama yangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi, alikuja akakaa kitandani na tasbihi yake kusimamia kazi. Mimi natoa, yeye anauliza.

"Hii rangi gani?"

"Kahawia, Mama."

"Na ile?"

"Kahawia iliyokoza."

"Na hiyo uliyoificha nyuma?"

"Hii ni chokoleti."

Bibi akatingisha kichwa. "Mwanangu, hili kabati ama dele la kahawa?"

Nilizifungasha nyingi kwenye sanduku. Nikabakisha za kazini, maabaya yangu meusi ya kuvaa juu ya nguo, na ile ya kahawia ya kwenye picha, ambayo sikuwa na moyo wa kuifungasha maana ilikuwa bado mpya. Kisha nikaanza kusoma mitindo. Hanan alinitumia picha, nami nikazisoma kwa bidii ambayo sijawahi kuipa skuli. Niligundua kwamba kiangazi hiki ni cha kitani. Mikono iwe mipana, nguo isikabe kiuno, rangi ziwe za kuchuja: siagi, waridi lililofifia, samawati, na fustuki, yaani kijani kilichotiwa maziwa. Niligundua pia kwamba kitani hakipigwi pasi hadi kinyooke. Mikunjo ndiyo fasheni. Mimi niliyepiga pasi maisha yangu yote hadi foronya, hilo nililisoma mara mbili.

Dukani nilijaribu rangi ya siagi kwanza. Nilijitazama kwenye kioo nikaona mgonjwa wa manjano. Fustuki ikanikubali. Muuzaji alisifu, lakini kusifu ni kazi yake. Nilipofika nyumbani Bibi akakishika kitambaa, akaniwekea begani, akasema, "Hii inakupa uso." Bibi hasifu ovyo, kwa hiyo siku ile nililala nimefurahi.

Kitambaa nikakipeleka kwa Rafiq.

Rafiq ni fundi cherehani wetu, Mhindi aliyekuwapo nyuma ya soko tangu kabla sijaolewa. Hachori, hapimi sana, hataki kuonyeshwa picha za simu. Unampelekea nguo inayokukaa vizuri, anaitandaza mezani, na anakushonea nyingine kama ile. Ndiyo kazi yake na ndiyo fahari yake. Wanawake wa mtaa wetu wote tunavaa watoto na wajukuu wa nguo zilizowahi kutukaa vizuri zamani.

Mfano niliompelekea ni nguo yangu ya zambarau. Kuukuu, sasa naivalia kupikia, lakini hakuna nguo iliyowahi kunikaa kama ile. Na hapa lazima nisimulie habari ya jani.

Hanan alipokuwa na miaka saba, asubuhi ya Idi, ile ya zambarau ilikuwa mpya. Niliitandaza juu ya kile kichanja cha mbao cha kufukizia, chetezo chini yake, moshi wa udi uingie kitambaani taratibu. Nikaenda kumwogesha mdogo wake. Hanan akaona moshi uko mbali na nguo. Akataka kusaidia. Akakipandisha chetezo juu ya kopo la maziwa. Niliporudi nilikuta tundu karibu na goti, limeungua duara kabisa, na mtoto hayupo. Nilimkuta nyuma ya mlango wa jikoni, nguo yake ya Idi ameshaivaa, amejikunyata pembeni.

Wageni walikuwa njiani. Nilichukua kipande cha kitambaa cha kahawia kilichokuwa karibu, nikakikata umbo la jani, nikakishona juu ya lile tundu kwa uzi wa manjano. Nikaivaa nguo. Kila aliyeuliza nikamwambia ni darizi. Hanan alinitazama siku nzima akisubiri nimseme mbele ya watu, nami sikumsema, na baadaye hatukulizungumza tena.

Nguo imefuliwa miaka na miaka. Jani nililizoea hadi nikaacha kuliona. Ndiyo maana niliiweka mezani kwa Rafiq bila kufikiri, nikamwambia kwa kile Kiarabu chetu cha dukani, "Kila kitu kama hii. Usizidishe, usipunguze."

Akaikagua, akanitazama juu ya miwani. "Kazi ya mkono ipo hapa, mama. Inataka muda."

Nilidhani anasema upindo.

Alhamisi nilikwenda kuichukua. Duka limejaa wanawake, adhana ya magharibi inakaribia, nikatazama shingo, nikatazama mikono, nikaona kila kitu kizuri, nikaitia mfukoni. Ijumaa baada ya sala nikaivaa mbele ya kioo. Mabega yamekaa. Mikono mipana kama walivyotaka wenye mitindo. Kitani kimejikunja pale panapotakiwa. Nikasema alhamdulillahi, nikageuka nijione upande.

Jani.

Karibu na goti, limeinama upande ule ule, uzi wa manjano vile vile. Na la kahawia. Nimeikimbia kahawia kutoka kabatini hadi dukani, imenifuata hadi gotini.

Nikampigia simu Rafiq. Kabla sijafungua mdomo vizuri akaniuliza, "Umeliona jani, mama? Uzi ule nimeutafuta soko zima." Sauti yake imejaa furaha. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, nikajisikia namshukuru. Nikamwombea na afya.

Nikachukua wembe. Nikajisemea nitalitoa jani polepole, pabaki pasafi, nani atajua. Nikafumua mshono mmoja, nikachungulia.

Chini yake pana tundu.

Duara, safi, limekatwa kwa mkasi na kingo zake kuzungushiwa uzi zisifumuke. Nilimwambia asipunguze, na hakupunguza. Nilikaa kitandani nikacheka hadi Bibi akaja kuangalia nimepatwa na nini. Nilimwonyesha. Akatia kidole chake kwenye tundu kikatokea upande wa pili, akakiangalia.

"Lakini huyu ni fundi," akasema. "Wa siku hizi hawawezi kazi hii."

Kicheko kilipoisha nikabaki na safari ya kesho yake. Nguo nyingine ya kutokea iliyokuwa nje ya sanduku ni ile ya kahawia ya kwenye picha. Nilizilaza zote mbili kitandani, nikazitazama. Moja mwanangu ameniomba nisiivae. Nyingine ina kiraka cha makusudi.

"Vaa hii," Bibi akasema. "Ukiulizwa, sema ndo fasheni. Nani atakubishia? Mwaka huu watu wanalipia nguo zilizojikunja."

Nikarudishia ule mshono. Leo alfajiri nikavaa, na juu yake nikavaa abaya langu jeusi, nikalifunga hadi chini.

Ni safari ndefu, Sur hadi Ibra, kisha Sinaw, kisha Nizwa. Khamis anaendesha, mimi mbele, Hanan na Bibi nyuma. Tulipotoka mjini Hanan akainama mbele akaninong'oneza, "Umevaa ya fustuki?" Nikasema ya fustuki. Akanibusu begani. Mkoba wangu niliuweka gotini tangu Sur hadi Nizwa, kama vile jani lingetokeza juu ya abaya likasalimie watu. Mara kadhaa nilitaka kumwambia. Kila nikigeuka namwona anavyotabasamu peke yake dirishani, nikarudi kutazama barabara.

Nizwa walikuwa wameweka mawaridi ya mlimani kwenye sinia, chumba kizima kinanukia. Mama yake Badr ni Bi Thuraya, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, amevaa samawati. Nyumba ile hawana Kiswahili, mazungumzo yote ni Kiarabu, nayaandika hapa kama nilivyoyabeba. Tukakaribishwa ndani kwa wanawake, Khamis akaenda kwa wanaume, na sisi tukavua maabaya. Mimi nilivua na kukaa kwa wakati mmoja. Mkoba ukarudi gotini. Hanan kutoka upande wa pili akanitazama mabega, mikono, akanikonyeza. Nilijisikia mrembo na mwongo kwa pamoja.

Kahawa, tende, halwa, habari za njia, habari za joto, nani ana kisukari. Kila kitu kinakwenda vizuri. Kisha Bi Thuraya, aliyekaa karibu yangu, akanipa sahani ya matunda kwa mikono miwili. Na mimi, kwa heshima, nikaipokea kwa mikono miwili.

Mkoba ukateleza.

Bi Thuraya akainama kuniokotea. Hakunyanyuka mara moja. "Jani zuri hili," akasema. "Kazi ya wapi?"

Unajua majlisi ya wanawake inavyonyamaza linapotajwa la nguo. Wote wakageuka. Nilimwona Bibi anajiweka sawa kusema ni fasheni. Mimi nilimtazama Hanan.

Hanan alikuwa analitazama jani. Mwanzo uso wake uliuliza. Kisha nikaona jibu linamfikia, macho yakajaa, na kwa muda ule mfupi nilimwona yule wa nyuma ya mlango wa jikoni. Nikajua basi, nimemwaibisha mwanangu nyumbani kwa mume wake mtarajiwa. Nikafungua mdomo niseme lolote.

Akaniwahi. Aliweka kikombe chini.

"Mimi, khala," akamwambia Bi Thuraya, akimwita kama dada ya mamake. "Hilo jani ni langu. Nilikuwa mdogo nikaunguza nguo ya Mama kwa udi asubuhi ya Idi. Mama akaweka jani, akaenda nalo kwa watu, ili mtu asinicheke mimi."

Kisha akanigeukia kwa Kiswahili. "Mama, ile nguo ya zambarau, hukuitupa?"

Nikamwambia naivaa kila Ijumaa nikipika, mwanangu, ila huwa uko Ibra. Nikawageukia wenyeji na kuwaeleza habari ya Rafiq. Nilipofika kwenye tundu hawakuamini. Ikabidi nifumue ule mshono mbele yao, na Bibi akapitisha kidole tena kutoa ushahidi. Walicheka. Bi Thuraya alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya mtandio wake, na mimi nikacheka nao, na lile donge nililokuwa nalo kifuani tangu zile picha za simu likaondoka sijui saa ngapi.

Bi Thuraya alipotulia, akakunja mkono wa ile nguo yake ya samawati. Kwa ndani pana kiraka kidogo, kimeshonwa kwa uzi wa rangi ile ile, hungekiona hata ukae naye mwaka. "Udi," akasema. "Arusi ya dada yangu." Shangazi yake Badr akatuonyesha pembe ya mtandio. Mwingine akasema yake ni nguo aliyoolewa nayo, ipo sandukuni na tundu lake, haitupi wala haivai. Ikawa kila mmoja ana yake na kila mmoja anataka kuisimulia. Mimi nilikuwa nimekwenda Nizwa nikiamini kwamba kuna nyumba ambazo nguo zao haziungui.

Hanan alihamia kukaa ubavuni mwangu. Akaweka kidole juu ya jani, akakizungusha penye uzi.

"Nilidhani umesahau," akaninong'oneza.

"Jani nililisahau. Wewe nyuma ya mlango sikukusahau."

Sikupanga kusema hivyo. Ilitoka tu.

Wakati wa kuondoka ukaja, na udi ukaletwa. Kila nyumba huku, mgeni hufukizwa kabla hajatoka, na anayefukiza ni mwenye nyumba mwenyewe au bintiye. Bi Thuraya alikuja na chetezo, moshi umeshapanda, akapita mbele ya watu wake wote akasimama mbele ya Hanan. Akampa.

"Leo wafukize wewe, binti yangu."

Kila mwanamke mle ndani alielewa amepewa nini. Kisha yule shangazi akasema, "Haya jamani, shikeni nguo zenu," tukaangua kicheko, na Hanan mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka.

Alianza na Bibi, kwa utu uzima wake. Akaenda kwa Bi Thuraya, akaenda kwa mashangazi, polepole, mkono wa chini ukiwa umekishika chetezo kwa nguvu. Alimalizia kwangu. Alikishusha chini kabisa, mbali na kitani, na kwa mkono wa pili akaunyanyua upindo wa nguo yangu moshi upite. Nilizoea kuinama kumfukiza yeye. Leo ameinama yeye.

"Mama, simama sawa," akasema. Nikasimama sawa.

Njiani kurudi Bibi alitafuna tende na kumsifu Rafiq hadi Sinaw. Hanan alifumba macho. Nilifikiri amelala, kumbe anapanga. Tulipoikaribia Ibra tumshushe kwake, akasema kwamba kwenye nguo za arusi yake anataka moja ya kitani, rangi ya siagi, mikono mipana, na jani hapa karibu na goti.

"Lakini mwambie Rafiq bila tundu," akasema.

Nikamwambia tundu nitalikataza mimi mwenyewe, kwa Kiarabu na kwa vidole.

Akainama mbele tena. "Na kitambaa cha jani, Mama, asinunue. Ile nguo yako ya kahawia ya kwenye picha bado unayo?"

Nimeitoa kabatini sasa hivi. Iko hapa magotini, karibu na beseni, nayo bado mpya. Nimeigeuza geuza nikatafuta mahali pazuri pa kukata, nimechagua penye kifua, mahali panapoonekana zaidi kwenye ile picha. Mkasi uko mezani. Kesho nikitoka kazini nitapitia kwa Rafiq.